Silabi Nne za Abel Vidalenc

Aliyewakuta ni Josiane, mpeleka barua. Aligonga dirisha la jikoni kama kawaida yake, akasikia sauti ya Rosine ikitoka bafuni: ingia tu, mlango uko wazi, samahani siwezi kuinuka. Akaingia. Rosine Vidalenc alikuwa amelala chali juu ya vigae, na mumewe Abel amelala juu yake, suruali ikiwa magotini. Rosine alikuwa amejaribu kumwinua mumewe kutoka chooni, nyonga yake ikakataa, wakaenda chini wote wawili. Hapo ndipo walipokaa asubuhi nzima wakitazamana.

"Macarel," Abel alimwambia Josiane.

"Na wewe pia, Bwana Abel," Josiane akasema, akatua mkoba wake.

Hilo ndilo neno pekee alilobakiwa nalo mzee yule tangu kiharusi kimpige mwishoni mwa mavuno ya zabibu. Ni tusi dogo la kilugha chetu cha zamani hapa Fontarède, kusini mwa Ufaransa. Hata padre hulitoa akijigonga kidole. Akitaka chumvi, macarel. Akiona mvua, macarel. Akimwona mkewe analia kwenye sinki, macarel, tena polepole. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mguu wa kulia ulikuwa unafikiria, na kinywa ndicho hicho.

Josiane ana moyo mzuri na mdomo mpana. Alimwinua mzee, akampandisha suruali, akamketisha Rosine, akawachemshia kahawa. Kisha akaenda zake kugawa barua, na hadi saa sita mchana kila aliyenunua mkate kijijini alikuwa ameupata pamoja na habari ile, suruali na kila kitu. Rosine hakutia mguu kwenye duka la mkate kwa muda mrefu. Alisema siku hizi mkate unamkaa tumboni.

*

Régis, mtoto wao wa pekee, alishuka kutoka Paris Jumamosi iliyofuata. Anafanya kazi kwenye bima huko. Aliondoka hapa akizungumza kama sisi sote. Wenzake wa ofisini wakawa wanamwomba aseme hiki aseme kile ili wacheke, naye akajifunza haraka kuongea kama wao. Huku kwetu kusini, herufi ikishaandikwa tunaipa haki yake. Wao wa juu huko huandika neno zima kisha wakameza katikati yake. Régis sasa anameza vizuri kuliko waliozaliwa huko.

Alimkuta mama yake anamenya maharage makavu mezani, baba yake ameketi kando na leso shingoni.

"Mama, safari hii alikuja Josiane. Je, siku isiyo na barua?"

"Siku hizi kila siku kuna matangazo."

"Sifanyi mzaha."

"Mimi pia. Jana yamekuja ya magodoro."

Régis akashika tama. Kisha akasema alilokuja kusema: baba apelekwe nyumba ya wazee kule Narbonne, nyumba hii iuzwe ili imlipie, na mama apangiwe chumba karibu yake, chenye lifti. Alisema amekwisha kuomba kwa jaji.

"Umemshtaki baba yako?"

"Sijamshtaki. Nimeomba apewe msimamizi."

"Umeomba kwa nani?"

"Kwa jaji."

"Basi umemshtaki."

"Mama, mlikuwa chini kwenye vigae! Mngekufa pale, na mimi ningepigiwa simu na nani? Na magodoro?" Mtu asije akamwona Régis kuwa mtoto mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Tangu Josiane ampigie simu hakuwa akipata usingizi.

Rosine akanyanyua ganda la haragwe, akalitazama. "Umemuuliza yeye mwenyewe?"

"Nimuulizeje?"

"Anatikisa kichwa."

Régis akamgeukia baba yake. "Baba, unataka kwenda nyumba ya wazee?" Abel akatikisa kichwa, ndiyo. "Unataka kubaki hapa?" Abel akatikisa kichwa, ndiyo. "Unataka kuwa papa wa Roma?" Abel akatikisa kichwa, ndiyo, na chozi likamtoka jicho la kushoto, kwa sababu masikini alielewa kila kitu na kichwa chake hakikumtii.

Hakuna aliyecheka. Régis akachukua leso ya shingoni, akamfuta baba yake chozi lile, akatoka nje kuangalia paa.

*

Sheria inamtaka jaji amsikie mtu kwa kinywa chake kabla ya kumwamulia maisha. Daktari alimweleza Rosine hivyo, kisha akamtuma Maëlle.

Maëlle ni mtaalamu wa kurudisha usemi, msichana wa Lille, kaskazini kabisa, mwembamba, mwenye buti kubwa na subira kubwa zaidi. Alikuja na picha kwenye kadi. Baada ya majuma kadhaa Abel aliweza kutoa "maji" na "mbwa," ingawa hawana mbwa. Vitenzi ndivyo vilivyokataa kabisa.

"Ndivyo inavyokuwa," Maëlle akamwambia Rosine. "Vitu vinarudi kabla ya vitendo. Lakini mbele ya jaji hawezi kusema mbwa. Anahitaji kitenzi kimoja. Tumpe kimoja tu, tukikate vipande, apande kipande kwa kipande."

Wakachagua *je resterai*. Nitabaki. Maëlle alipiga makofi, kofi moja kwa kila silabi, akitamka kama kwao: kofi, kofi, kwisha. Abel alifungua kinywa kwenye kofi la kwanza, akatafuta pa kuweka ulimi, kofi la pili likampita, akabaki mdomo wazi kama aliyekosa ngazi gizani.

"Macarel."

"Tena, Bwana Abel."

"Macarel!"

Rosine aliona aibu kwa niaba yake. Akaona lazima asaidie, na kusaidia kwenyewe ni kuongea kwa ufasaha, kama msichana yule, kama watu wa televisheni. Akaanza kumeza. Asubuhi akimlisha mumewe supu alikuwa anakata maneno katikati, midomo imebana, na Abel akimtazama kwa mashaka kama amebadilishiwa mke.

Josiane alilisikia lile dirishani.

"Eh! Leo tunaongea Kifaransa cha rais?"

"Pita zako na matangazo yako," Rosine akasema, masikio yamemwiva.

Majira ya kuchipua yakaingia, siku ya jaji ikakaribia, na Abel hakuwa na kitenzi. Rosine alianza kutazama vitu vya nyumbani kwa jicho la kuagana: kabati la mama mkwe, msumari wa kalenda, alama za kimo cha Régis kwenye fremu ya mlango. Alijiuliza kama wanunuzi watazipaka rangi, na akajijibu kuwa watazipaka.

*

Siku moja Maëlle alifika mapema kuliko kawaida, akazunguka nyuma ya nyumba, akamsikia Rosine bandani anagombeza kuku. Alikuwa anawagombeza vizuri, kwa pumzi ndefu, kila irabu ikikaa mahali pake na kunyoosha miguu.

"Bibi Rosine, mbona na kuku unaongea tofauti?"

Rosine alishtuka, akakumbatia ndoo. "Kuku hawajali, binti yangu."

"Hawajali nini?"

"Ushamba."

Maëlle akaingia bandani. "Hebu sema nitabaki. Usiseme kama mimi. Sema kama unavyowaambia hao."

Rosine akaona ni dhihaka. Aliangalia huku na huku, kama kuna mtu wa duka la mkate, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Je. Res. Te. Rai."

Maëlle alihesabu kwa vidole na vidole vinne vikabaki hewani. Akaketi juu ya gunia la mahindi, buti na yote, akajishika kichwa.

"Nne," akasema. "Mimi nimempigia makofi mawili. Majira yote ya baridi nimempigia mzee wa watu makofi ya Lille."

"Hicho chako ndicho Kifaransa chenyewe, binti, sisi huku tunaburuta tu."

"Bibi Rosine, acha. Yeye alilisema hivi maisha yake yote. Mimi nilimtoa ngazi mbili katikati halafu nikamwambia panda."

Wakaingia jikoni wote wawili, Rosine na ndoo yake bado mkononi. Maëlle akaomba Rosine ndiye aseme. Rosine akaketi mbele ya mumewe, akakosa la kufanya na mikono, na mkono wake mmoja ukakunja ngumi wenyewe, ukagonga meza kwa kiungo cha kidole. Hodi, hodi, hodi, hodi.

Abel akanyoosha mgongo.

Kila mtu wa umri wa Abel hapa Fontarède anaijua ile hodi. Waliingia shule hawajui Kifaransa, wanajua kilugha tu, na mwalimu aliwatia vitenzi kichwani kwa rula, silabi moja pigo moja, kwenye dawati, na ukikosea, kwenye vidole. Abel aliviogopa vitenzi kuliko mvua ya mawe. Alipopata mwana aliapa mtoto huyo hatachekwa, akamkalisha kwenye meza ileile kila jioni mama yake akimenya maharage, akamgongea vitenzi vyote kwa kiungo cha kidole, bila rula. Régis alijua kunyambua vitenzi kabla hajajua kufunga viatu.

Rosine akagonga tena.

"Je," akasema Abel. Rosine hakuharakisha. "Res." Jasho lilimtoka. "Te."

Ile *te* ndogo ambayo kule kaskazini haipo kabisa, Abel aliikanyaga kwa mguu wake wote.

"Rai."

Maëlle alikuwa amegeukia dirishani akipenga kamasi. Rosine alimshika mumewe masikio yote mawili, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia mjinga wewe, mjinga wewe, ulikuwa wapi. Abel akasema macarel. Wakapiga tena na tena hadi supu ikaungua.

Tatizo lilikuwa moja tu. Bila kugongewa, hakuna kitu. Mlango haukufunguka bila hodi.

"Nitakaa karibu yake," Rosine akasema. "Nitagonga chini ya meza."

*

Chumba cha jaji kilikuwa kidogo, na meza yake ilikuwa kubwa, ya mwaloni, ya wakati ambapo watu walifikiri mahakama itadumu. Jaji mwenyewe alikuwa mama mwenye mafua. Régis aliketi upande mmoja na tai, Abel katikati na suti aliyofungia ndoa, ambayo sasa ilimpwaya, Rosine upande wa pili, ngumi tayari juu ya goti.

Régis alieleza. Alieleza vizuri, kwa maneno mafupi ya Paris: vigae, nyonga, kichwa kinachokubali kila kitu. Jaji akaandika, akapiga chafya, akaandika.

"Bwana Vidalenc," akasema, "mwanao anataka uende nyumba ya wazee. Mimi nataka kusikia wewe unataka nini."

Chini ya meza: ko.

"Je," akasema Abel.

Ko.

Jaji akainua kalamu. "Bibi Vidalenc, ni wewe?"

"Ni goti langu, Mheshimiwa. Limekauka."

"Bibi Vidalenc, nisamehe. Nahitaji kumsikia yeye, si nyinyi wawili. Nenda ukae pale kwenye korido kidogo."

Miaka yao yote pamoja, na sasa Rosine alitolewa nje kama mtoto anayenong'onezea mwenzake jibu la mtihani. Alisimama. Nyonga ilimsumbua, Régis akataka kumsaidia, yeye akauondoa mkono wa mwanawe. Alitoka, akafunga mlango taratibu, akasimama nyuma yake, kipaji cha uso kwenye mbao.

"Bwana Vidalenc, tuendelee."

Abel alitazama mlango. Akafungua kinywa. Ulimi ukaonekana ukitafuta. Alifunga, akafungua.

"Macarel," akasema, karibu kwa kunong'ona.

Jaji akaandika. Régis aliona kalamu ikitembea na akajua ameshinda. Alikuwa ametaka hili majira yote ya baridi. Sasa angeweza kulala. Akamtazama baba yake ili apate hiyo nafuu, na akauona mkono wa kushoto wa mzee juu ya mwaloni, umefunguka, kiganja chini, vidole vimetulia, kama mkono wa mtoto aliyeketishwa mezani anayengoja aanziwe.

Régis alikujua vizuri kule kungoja. Kulikuwa kwake, utotoni.

Hakuna aliyemwomba. Alikunja kidole, akagonga meza ya jaji. Hakugonga mara mbili, wala tatu. Alikwenda taratibu, akiacha nafasi ya kutosha kati ya pigo na pigo, ile nafasi ya nyumbani aliyokuwa ameifuta kwa bidii kinywani mwake.

"Je," akasema baba yake, akimtazama machoni. "Res. Te. Rai."

Jaji akamgeukia Régis.

"Bwana Vidalenc mdogo. Umegonga?"

"Hapana, Mheshimiwa." Uso ulimwiva hadi kwenye tai. "Meza inayumba."

Jaji akaweka viganja viwili juu ya meza ile, akaisukuma kwa nguvu zake zote. Isingetikiswa na ng'ombe. Akaichukua karatasi moja, akaikunja mara kadhaa, akainama kwa kugunaguna, akaisukumia chini ya mguu wa meza. Akaketi, akapenga kamasi.

"Basi. Sasa haiyumbi. Bwana Abel Vidalenc, rudia, tafadhali. Mwanao ataweka mikono mifukoni."

Régis akaweka mikono mifukoni. Humo ndani ilikuwa imekunjwa ngumi zote mbili, na kama ungemuuliza dakika ile anataka nini asingejua kukujibu, isipokuwa kwamba midomo yake ilikuwa inatembea yenyewe.

Abel alimtazama mwanawe. Alitazama mlango. Alitazama mkono wake wa kushoto kama anauona kwa mara ya kwanza. Ukainuka. Ulikuwa mkono usiozoea, mkono wa kushika mkate tu huku ule wa kulia ukikata, nao ukajikunja vibaya, ukashuka juu ya mwaloni kwa kishindo.

"Je!"

Tena.

"Res!"

Kwenye korido Rosine akabandika sikio kwenye mbao.

"Te," akasema Abel, akigonga, akiivuta ile irabu ndogo kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya. Akainua mkono kwa mara ya mwisho.

"Rai! Macarel!"

Jaji aliandika kwa muda.

"Hilo la mwisho," akasema, "sitaliandika."

*

Alichoandika ni kwamba mzee abaki kwake, msaidizi aje asubuhi na jioni kumwinua na kumlaza, vyuma vya kushikia vifungwe bafuni, na Régis ashughulikie karatasi zake. Alimwambia Régis hilo usoni, kisha akamwambia pia kuwa hofu yake si kosa, na vyuma vifungwe mapema.

Nje, kwenye maegesho, Rosine alikuwa amemshika Abel mkono wa kushoto na kukagua viungo vyake, ambavyo vilikuwa vimechubuka.

"Nimesikia zamu mbili," akamwambia mwanawe. "Ya pili ni yake. Ya kwanza nani aligonga?"

"Meza inayumba ile."

"Nimekuzaa mimi, Régis."

Régis akafungua mlango wa gari la baba yake. Alimwingiza baba yake garini, akamfunga mkanda, akamvutia mama yake kiti nyuma ili nyonga ipate nafasi. Kisha akasogea kando kidogo na kumpigia simu mkewe, ambaye alikuwa anamngoja afike Paris kwa treni ya jioni.

Alimwambia duka la vifaa vya ujenzi linafungwa mapema, kuna vyuma vya kununua, kuna vigae vya kutoboa, na asimngojee leo.

"Kwa hiyo?" mkewe akauliza.

"Kwa hiyo nitabaki," akasema Régis. "Je resterai."

Silabi zote nne alizitamka, hakumeza hata moja.

"Régis? Mbona unaongea hivyo?"